Gauni la Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Wifi kaja kibandani kwangu leo — eti nimshonee gauni! Amepandishwa cheo, sasa ni mwalimu mkuu, na Jumamosi kuna sherehe. Analitaka la kubana mgongoni. Nikampima huku natabasamu. Mwaka jana tu, siku ya kumzika mume wangu — kaka yake! — nililia mpaka nikaanguka. Yeye akawaambia watu wasihangaike, hivyo ni vituko vyangu. Tangu hapo mtaa mzima umelidaka neno hilo. Nikicheka, vituko. Nikinyamaza, vituko.

Jumatano, 5 Machi
Mlevi akivua suruali sokoni, hicho ni kituko. Mjane akilia ni kilio. Mwalimu mzima hajui tofauti! Basi nitamfundisha.

Mgongoni nimepiga bandi tu — mshono wa kushikizia, ule tunaoufumua cherehani ikishapita. Cherehani haikupita. Akisimama wima, sawa. Akinyanyua mikono — chwaa! Mgongo wote nje mbele ya wageni.

Ijumaa, 7 Machi
Kajaribu gauni. Kageuka taratibu mbele ya kioo kama bibi harusi, mikono kiunoni. Eti limemkaa! Kasema nisikose, kaniwekea kiti mbele. Nikose? Thubutu! Nilivyoungoja uhondo huu!

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimejifungia chooni, humu humu ukumbini.

Wifi alishika kipaza sauti. Nikajua anaanza kujisifu. Kumbe! Kasema gauni hili kalishona wifi yake, fundi hodari, mtu akitaka nguo aje kwangu. Makofi! Wazazi, walimu, hata mwenye duka la sare za shule. Kisha akafuta machozi. Kasema siku ya maziko alinitamkia neno baya. Mimi niliweza kulia, yeye alishindwa, akanionea wivu. Ananiomba radhi mbele ya watu wote.

Mwaka mzima nimeisubiri radhi hiyo. Kwa nini leo? Kwa nini ndani ya gauni hilo?

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Likifumuka sasa, watamcheka yeye — halafu watauliza fundi ni nani. Na wameshaambiwa!

Sikuaga, nilikimbia tu.

Mlango unagongwa. Ni yeye. Anacheka, sauti bado ina machozi. Anasema wifi toka, acha vituko, watu wanasubiri nikukumbatie.

Safari hii hajakosea.

Sindano ninayo mkobani. Uzi sina.