Picha Iliyo Ukutani Kwako

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia kutoka mbali, kama nilivyozoea kuisikia miaka yote hii. Naomba magoti yawe yamekupa nafuu tangu mvua zikatike. Ulisema daktari amekubadilishia dawa; nijulishe kama hii mpya inakupa usingizi au inakunyima. Na jicho la kushoto je? Kama bado lina ukungu, mwanao Cheche atakusomea, ingawa ningependa barua hii uisome kwanza mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa. Huku kwangu mwili haujambo. Kifua kimetulia, chumba hakivuji, na jirani wa juu ameacha kuburuta viti. Ninachokosa ni uso wa kukutazama nao, na ndiyo maana nimechagua karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungenisifu tena, nami ningeitikia tena.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Unasema ile picha yangu ya gazetini umeitundika sebuleni, kwamba Cheche ameichomelea fremu ya chuma yenye maua kwenye pembe, na kwamba wageni huwaonyesha kabla hata hawajavua viatu. Nilicheka niliposoma jinsi yule jirani yako mwenye maneno alivyouliza kama kweli zee zima kama mimi linaweza kujua kompyuta, nawe ukamjibu kwamba akili haioti mvi. Kisha nikafika chini ya ukurasa. Unasema Cheche ametoa notisi karakanani, kwamba mwisho wa mwezi anarudisha miwani ya kuchomelea na kushika njia kuja kwangu, asome palepale niliposoma mimi. Eti kama mjomba ameweza uzeeni, yeye mwenye nguvu zake atashindwaje.

Dada, mzuie. Aende kwa msimamizi wake kesho asubuhi, amwombe aifute ile notisi kabla hawajampa mtu mwingine nafasi yake. Sababu nitakupa zote, lakini hilo lisisubiri mwisho wa barua.

Jengo ninalofanyia kazi lilikuwa kiwanda cha viatu. Siku za joto harufu ya gundi bado inatoka sakafuni. Serikali ya huku ililichukua ilipozindua mkakati wake wa kukuza ajira na stadi za teknolojia. Ikapaka kuta rangi nyeupe, ikapanga meza ndefu na kompyuta, ikaandika juu ya lango kwamba hapa ndipo kesho inapotengenezwa. Kitabu cha huo mkakati kililetwa ndani ya maboksi, kikabaki stoo. Unanijua mimi na kitu kilichopigwa chapa: nilikisoma chote, nikakirudia. Sikisemi vibaya. Kimeandikwa na watu wenye nia njema, na sentensi zao zimenyooka. Wanataka vijana wafundishwe, kampuni ziwapokee, na sisi tuliokimbilia huku tusiachwe nyuma. Tumepewa sura yetu nzima. Kampuni ikimwajiri mhitimu, serikali inaichangia nusu ya mshahara kwa miezi ya mwanzo. Nilipofika hapo nikatafuta ukurasa unaoeleza itakuwaje miezi hiyo ikiisha. Nikadhani umenyofoka. Nikaenda kuchukua nakala nyingine stoo. Nayo haikuwa nao.

Kundi la kwanza lilisoma kweli, na mwalimu wao anaijua kazi yake. Aliyewapita wote ni mwanamke mmoja aliyekuwa mhudumu wa kaunta katika duka kubwa la jirani, wenzake wakimwita Keshia. Alikuwa akibaki darasani hadi taa za ukumbini zinaanza kuzimwa, akinitania kwamba siku akiwa tajiri ataninunulia taa isiyozimika. Walipohitimu walichukuliwa na kampuni karibu wote. Siku hiyo kulikuwa na hotuba na vigelegele. Mchango wa serikali ulipokwisha, kampuni zikawashukuru, mmoja baada ya mwingine, zikaagiza wahitimu wapya ambao mchango wao ndio kwanza unaanza. Wachache walibaki kazini. Keshia alirudi kaunta.

Sasa nije kwangu. Niliwahi kukuandikia kwamba nimepata kazi katika kituo cha kompyuta. Hukuuliza ni kazi gani, nami sikusema. Kazi yangu, dada, ni kufungua milango asubuhi, kupiga deki, kufuta vumbi mezani, na kufunga milango jioni. Sijawahi kuketi katika darasa lile kama mwanafunzi. Hata namna ya kuiwasha kompyuta sijui, maana nimekatazwa kugusa kitu chochote chenye kitufe.

Siku ya picha, wizara ilimtuma mpiga picha aje kumpiga picha mhitimu aliyepata ajira. Mkurugenzi wetu, mama mmoja mpole anayesahau kula, alianza kuwapigia simu tangu asubuhi. Keshia alimjibu kwamba yuko zamu na akiondoka kaunta watamkata mshahara. Mwingine simu yake ilikuwa imezimwa. Wa tatu aliuliza kama baada ya picha kutakuwa na kazi, na Mkurugenzi akakata simu. Mpiga picha alikuwa ameshapanga taa zake na ameanza kupiga miayo. Mimi nilikuwa nafuta meza. Akasema huyu mzee ana sura nzuri, sura ya kusomeka. Mkurugenzi akanitazama jinsi mtu anavyotazama kabati, akipima kama litaenea pembeni. Akaniomba niketi kidogo tu, si lazima niseme kitu, ni kwa ajili ya kuonyesha moyo wa mpango. Nikavaa koti la mwalimu. Mikono ilikuwa mirefu, nikaikunja.

Isogelee picha, dada. Kioo cha kompyuta ni cheusi. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Na chini ya meza, karibu na mguu wangu wa kulia, utaona ukingo wa kitu cha mviringo. Ni ndoo yangu.

Gazeti lilipotoka, maelezo chini ya picha yalisema mpanga chapa wa zamani, mkimbizi, amehitimu na kuajiriwa katika sekta ya teknolojia. Unakumbuka kwamba nilipokuwa katika kiwanda cha uchapaji niliwahi kumrudishia mhariri ukurasa mzima kwa sababu ya jina moja lililokosewa. Nililipeleka lile gazeti kwa Mkurugenzi. Akaniambia kwa upole kwamba si uongo kabisa, kwa kuwa nimeajiriwa, na hapa ni sekta ya teknolojia. Nikasema sawa. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo wakanitengenezea bango la langoni, kubwa kuliko mlango. Makundi mapya yakija naombwa niwasalimie, nami nikawa nawasalimia kwa maneno marefu. Nina sauti nzuri, ulikuwa ukisema hivyo. Mwezi uliopita Keshia alikuja kuchukua cheti chake. Akasimama chini ya bango, kisha akaniamkia mbele ya watu: shikamoo mhandisi. Akaniuliza kama naweza kumwombea nafasi huko nilikoajiriwa. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alisema kile kiti kilikuwa chake, na kwamba wangekipiga picha kikiwa kitupu, angalau watu wangeuliza mwenyewe yuko wapi.

Dada, lililobaki ndilo linalonifanya niandike. Unasema humjui aliyekutumia lile gazeti. Kwamba lilikuja katika bahasha isiyo na jina la mtumaji, na unamwombea huyo mwema kila jioni kwa kuwa hakutaka sifa. Acha kumwombea. Ni mimi. Nililinunua, nikalikunja picha ikae juu, nikaandika anwani yako kwa herufi kubwa za kusimama ili usiutambue mwandiko wangu. Nilitaka uamini kwamba habari zangu zimekufikia zenyewe, kama habari za watu wa maana zinavyofika.

Sina la kujitetea, lakini utataka kujua kwa nini. Mashine hizi ndizo zilizoniondoa kwenye herufi zangu za risasi, nilizokuwa nikizipanga kwa mkono. Siku walipotuambia twende nyumbani, niliacha ukurasa umepangwa nusu juu ya meza, na ile nusu nyingine bado iko kwenye vidole vyangu. Tangu nivuke mpaka, sikuwahi kukuandikia jambo ambalo ungeweza kulisimulia kwa jirani. Nikatamani unione mara moja tu nimeketi mbele ya mojawapo ya mashine hizo, kama mwenye nayo. Nilikuwaza wewe na jirani yako. Cheche sikumwaza hata kidogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Sasa mimi ndiye niliyeuchora huo msala na kuutia stempu.

Leo nimemwambia Mkurugenzi kwamba sitasalimia kundi lolote tena. Amesema tutazungumza baada ya ziara ya wageni wa wizara. Sikusubiri. Bango la langoni nimelibandua, kwa kuwa usafi wa kuta ni kazi yangu, na nimeliegemeza nje ya ofisi yake, uso ukielekea ndani. Huenda nikaambiwa nirudishe funguo. Kama itakuwa hivyo, nitakuandikia vilevile, na nitaandika ilivyokuwa.

Mwambie Cheche kujifunza si kosa. Mwalimu yuko tayari kumtumia masomo ya mwanzo, ayasome jioni akitoka kazini, kazi ikiwa bado mkononi. Lakini atakachosema juu yangu, akiseme. Usimtetee mjomba wake.

Nisalimie watoto wa nyumbani, na mjukuu mchanga ambaye bado hujanitajia anafanana na nani. Hata jirani yako msalimie, na umwambie aliuliza swali zuri.

Picha itoe ukutani. Fremu usiitupe, ni kazi ya fundi, nayo haijamdanganya mtu. Iache palepale ikiwa tupu, na mgeni akiuliza, mwambie unangoja cha kuweka.

Ni mimi mdogo wako,
mshika funguo.