Elsie Atarudi Zikifika Sitini

Jumanne, 28 Oktoba 2025

Nimeuza! Soko la Amerika limefunguliwa saa kumi na nusu, nikabonyeza kabla sijaghairi. Si hisa zenyewe—nimeuza haki ya kuzinunua. Mtu nisiyemjua amenilipa dola tisini. Mpaka Ijumaa ya tarehe 21 Novemba, akitaka, anachukua hisa zetu mia moja kwa dola hamsini na tano kila moja. Leo ziko arobaini na nane. Zisipopita hamsini na tano hatazitaka, zinabaki zetu, na tisini nimekula.

Zetu—za Elsie, niseme ukweli. Ni za kampuni ya nyumba za wazee anakofanya kazi, huko Ohio. Anakatwa kwenye mshahara kuzinunua, mwaka wa saba huu. Nywila aliniachia mimi mumewe. "Zikifika sitini, Baba Triza, tunaziuza narudi nyumbani Jericho." Ndiyo ahadi. Kwa hiyo kila jioni naangalia bei, hata kabla ya kuangalia chakula.

Kama ningeuza haki ya kuzinunua kwa sitini, ningelipwa dola kumi na tano tu. Nani ataacha tisini achukue kumi na tano?

Alhamisi, 30 Oktoba

Tisini zimeshakuwa godoro. Sita kwa sita, zito, halibonyei ovyo. Nimeliweka kitandani na nailoni yake. Mimi nalala kwenye kochi. Silali pale mpaka tulale wawili.

Wasike amekuja kuliona. Jirani yangu, karani mstaafu wa reli, yeye ndiye aliyenifundisha mambo haya ya haki na hisa. Hakulisifu godoro. Aliuliza nimeuza haki ya bei gani, na nimenunua ipi ya kujilinda. Nikasema sijanunua. Akashika kiuno.

"Omera, ndugu yangu! Ukiuza ya chini unanunua ya juu. Umeuza ya hamsini na tano, nunua nawe ya sitini. Zikiruka, unapoteza hapo katikati tu. Sasa wewe hata zifike mia, umefungwa hamsini na tano!"

Kinga yenyewe ni dola kumi na tano, kasema, bado sijachelewa. Nikamwambia hisa hizi tangu zizaliwe hazijapita hamsini na moja. Akasema mimi ni mkaidi, akanywa chai yangu, akaenda.

Hizo kumi na tano nimenunulia mito miwili.

Jumatatu, 3 Novemba

Wamarekani wamerudisha saa nyuma jana. Soko sasa linafunguliwa saa kumi na moja na nusu. Elsie alikuwa nyuma yangu kwa saa saba, leo ni nane. Najua ni saa tu. Lakini imeniuma, kama mtu aliyekuwa amekaa karibu akasogea kidogo.

Bei: arobaini na tisa.

Jumatano, 12 Novemba

Hamsini na saba!! Kampuni imetangaza faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwanza nilirukaruka peke yangu jikoni. Kisha nikakumbuka nilichouza, nikakaa.

Miaka yote hii naomba zipande. Zimepanda, na zikipanda si zangu tena. Ile kinga ya kumi na tano leo ni mia na ishirini. Nimeenda kumwambia Wasike nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 17 Novemba

Sitini na moja.

Nimempigia Elsie kazini. Akatoka hadi koridoni, nikawasikia wazee wake nyuma wakikohoa. Nikasema, "Mama Triza, sitini na moja." Sauti yangu imetetemeka kama ya kijana anayeposa. Ile habari ya hamsini na tano nilikuwa nimeishika mdomoni, nimwambie baada ya yeye kufurahi.

Nilidhani atalia.

Akasema, kweli? Akasema, Mungu ni mwema. Akasema, tungoje kidogo lakini, Baba Triza, sabini si mbali. Halafu mzee mmoja akamwita, akakata simu.

Sikumwambia.

Jumanne, 18 Novemba

Nimetoa daftari za zamani chini ya kitanda. Najua ninachotafuta, na nimekipata. Mwaka 2021, mwandiko wangu mwenyewe: "Elsie anasema zikifika arobaini anarudi." Zilifika. Mwaka 2023: "Anasema hamsini." Nimepiga mstari chini kwa furaha, mjinga mimi. Mwaka jana zikagusa hamsini na moja. "Anasema sitini."

Jioni Wasike akanipa dawa ya mwisho. Mtu akibanwa, anasema, anasogeza. Unainunua ile haki uliyouza, hata kwa hasara, unauza nyingine ya mwezi ujao kwa bei ya juu zaidi. Hisa hazichukuliwi. Ukibanwa tena, unasogeza tena.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka uchoke," akasema.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira. Kumbe ndicho anachonifanyia Elsie! Ananisogeza. Na mimi kila mara nakubali, napaka chumba rangi.

Nakumbuka anavyovua viatu mlangoni akitoka kanisani, akikikanyaga kimoja kisigino kwa mguu wa pili. Ni hicho tu ninachotaka kukiona. Namtaka mke wangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Sitini na nne. Sijala.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo ndiyo leo. Nisipofanya kitu kabla soko halijafungwa, hisa zinakwenda kwa hamsini na tano na dola mia tisa za Elsie zimepotea. Miaka saba ya kuogesha wazee wa watu! Nikisogeza, tunasubiri tena. Na kuna kitu ndani yangu—nakiandika, nimeona aibu lakini nakiandika—kinachotaka ziende. Zikienda hakuna sitini wala sabini. Atanipa sababu gani?

Lakini huo ni wizi. Nimemwandikia yote kwenye wasap, saa kumi na moja na nusu, soko lilipofunguka. Kwamba niliuza haki ya hamsini na tano bila kumuuliza. Kwamba Wasike alinionya nijikinge na ya sitini, nikaona ghali. Kwamba pesa zimekuwa godoro la sita kwa sita lenye nailoni, na kinga ikawa mito miwili. Mwisho nikauliza: "Nisogeze, au niache ziende? Sema wewe. Mimi nimechoka kusogezwa."

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nailoni inapiga kelele nikipumua.

Tiki za bluu. Anaandika. Ameacha. Anaandika. Ameacha kwa muda mrefu, nikaenda kufunga bomba ambalo halikuwa wazi.

Saa kumi na mbili na dakika kumi amejibu. Hakusema nisogeze. Hakusema niache. Hata kunitukana hakunitukana. Maneno mawili tu:

"Mito miwili?"

Nimemjibu: "Ndiyo. Miwili."

Tiki moja, haujamfikia. Soko liko wazi, bei sitini na nne na senti kumi. Bado tiki moja.