Mfuniko Usiopenda Nguvu

Likombe, Mtwara
3 Juni 2024

Mpendwa binamu Athumani,

Kabla ya yote nakujulia hali wewe na shemeji Mwajuma, nikitumaini kwamba Mungu anawalinda hapo Kitaya na kwamba mto haukuwasumbua masika haya. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kwa kukuandikia baada ya kimya cha mwaka mzima, tena nikiwa na shida. Ningepiga simu, lakini najua kwamba miaka thelathini kando ya jenereta ilikuachia masikio ambayo mwenyewe huyaita mapambo. Samahani kwa kulitaja.

Shida ni gari langu, ile pikapu ya dizeli. Oili inavuja chini ya mfuniko wa tapeti, ule ulio juu kabisa ya injini, na kudondokea kwenye bomba la moshi lenye moto. Mwezi uliopita nilikuwa nikiwapeleka akina mama watatu kanisani. Moshi ukaingia ndani, wakaruka nje kwa mayowe, mmoja akaacha kiatu. Habari hizo zikamfikia mwanangu Goodluck huko Dodoma. Amekwisha kulipatia gari mnunuzi, atakayekuja kulichukua tarehe 29. Bila gari siwezi kulifikia shamba langu la mikorosho, na bila shamba, Goodluck anasema sina sababu ya kubaki Likombe peke yangu. Amenitayarishia chumba kwake. Ni mtoto mwema, anaogopa nitaungua. Hata hivyo, nina miaka sabini na sita, na sipendi kuimalizia safari yangu katika chumba cha wageni. Unisamehe kwa kusema hivyo.

Fundi wetu wa mtaani, bwana Abeid, amelishughulikia mara tatu, na kila mara linavuja zaidi. Nimeona haya kumwambia. Kila mara nimemshukuru na kumkaribisha chai. Samahani sana kwa kukupa kazi uzeeni, lakini je, kuna dawa?

Ni mimi binamu yako,
Paulo


Kitaya
8 Juni 2024

Paulo wee,

Sisi wazima. Mwajuma anakusalimu, anauliza kama yule mama alikipata kiatu chake. Nilikuwa nazihesabu samahani zako, nilipofika ya nne nikachoka. Wewe siku ukifuatwa na mtoa roho utamwomba radhi kwa kumsimamisha mlangoni.

Sasa sikiliza, maana mimi siwezi. Gari lako halijafa. Kinachovuja ni gasketi, raba inayokaa kati ya mfuniko na injini. Unasema Abeid amelishughulikia. Ameibadilisha raba, au ameipaka dawa tu? Usinijibu kwa kudhani. Acha injini ipoe, ufungue mfuniko wewe mwenyewe. Nati ni chache. Zipange kwenye sahani kama zilivyokaa. Itoe hiyo gasketi, ifunge kwenye gazeti, mpe kondakta wa basi la huku. Nataka kuiona kwa macho. Mwenye gari anaweza kunidanganya kwa adabu zake, gasketi haina adabu.

Binamu yako,
Athumani


Likombe
13 Juni 2024

Mpendwa binamu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kifurushi pia. Niwie radhi kwa harufu yake.

Nilianza baada ya chai ya asubuhi, nikamaliza adhuhuri. Wakati nimeinama, Abeid akapita njiani. Akasimama. "Mzee, ndiyo umenifukuza kazi?" Nikaificha spana nyuma ya mgongo kama mwanafunzi mwenye sigara, nikamwambia kwamba natazama tu. Akacheka. "Tazama, mzee wangu, tazama. Ukimaliza kutazama utaniita." Kisha akaniuliza chai iko wapi, nami nikaenda kumletea.

Sijui nimekutumia gasketi au ganda la kitu kingine. Nilipoigusa ilikuwa ngumu kama ukucha. Zimebaki siku kumi na sita.

Binamu yako mwenye mikono michafu,
Paulo


Kitaya
17 Juni 2024

Paulo,

Uhai upo, na magoti yako usiyape nafasi.

Nimeisoma gasketi yako. Imekauka kama kambale aliyebanikwa, nilipoikunja ikakatika. Hii haijabadilishwa hata siku moja! Abeid amepaka ile dawa, silikoni juu ya silikoni, tabaka tatu. Halafu kingo zimepondeka zikatoka nje, kwa hiyo anakaza kwa spana ndefu na mwili mzima. Raba ikibanwa hivyo inakimbia, na oili inaifuata.

Vipande nakurudishia. Nenda navyo mjini, uvilaze juu ya gasketi mpya hapohapo dukani, tundu kwa tundu. Nunua pia ile raba ya nusu mwezi inayokaa nyuma ya kichwa cha injini. Mafundi wengi huisahau. Funika injini kwa kitambaa kisafi makombo yasiingie, kisha kwangua silikoni yote kwa kijiti, bisibisi itakwaruza. Kitambaa ukitoe! Silikoni mpya weka kiasi cha punje ya mchele kwenye pembe mbili za nusu mwezi, basi. Nati anza na za katikati uende nje, kila moja kidogo, halafu zunguka tena, na tena. Spana fupi, vidole viwili.

Tangu utotoni nakucheka kwa sababu unapiga hodi hata kwenye banda la kuku. Sasa nakwambia kweli: nimefundisha vijana wengi, na kazi hii iliwashinda wengi kwa kuwa wana nguvu mno. Mfuniko huu haupendi nguvu. Ukaze kama unavyopiga hodi. Ila akitokea mtu wa kutaka kuuongezea "kidogo tu", hapo, mwana wa shangazi, sahau adabu za shule ya misheni.

Binamu yako,
Athumani


Likombe
30 Juni 2024

Mpendwa binamu Athumani,

Nakusalimu wewe na shemeji kwa moyo uliojaa. Namshukuru tena kwa ule wali wa Jumanne, nilipowaletea gari huko. Gari ulilikagua wewe mwenyewe mbele ya nyumba yako, ukalala chini yake mpaka Mwajuma akauliza kama tukuletee mto, kwa hiyo sitakueleza upya lilivyo. Nakueleza mambo mawili ambayo pale, kwa shida ya kuzungumza nawe kwa kuandika kwenye kidaftari, sikuyamaliza.

La kwanza ni la Alhamisi ya tarehe 20. Nilikuwa nimekwisha kuweka gasketi mpya na kuzunguka nati mara tatu kwa vidole viwili Abeid alipofika na spana yake ndefu. Akajaribu nati moja kwa kidole.

"Mzee, hizi zimelegea. Gari litakuacha porini. Lete nikuongezee kidogo tu."

Nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Nikasema, "Hapana." Nikaingoja samahani itoke kinywani mwangu. Haikutoka.

Abeid alinitazama kana kwamba sanamu ya kanisani imekohoa. "Hee! Leo mzee umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu. Kaa hapo nikuoneshe."

Akageuza ndoo, akakaa. Nilimwonesha ile gasketi yake ya tabaka tatu, akaigeuzageuza, kisha akasema, "Mbona hukuniambia siku zote hizi?" Nikamjibu kwamba kosa hilo ni langu, na ni kweli.

La pili ni la jana. Mnunuzi alikuja kwa bodaboda, begani ana kamba ya kuvutia gari. Nilimpigia Goodluck, nikamtumia picha ya kanga nyeupe iliyolala chini ya injini tangu niliporudi kutoka Kitaya, safi kama ilivyotoka dukani. Kisha akasema, "Baba, umeshinda. Chumba nitampa mpangaji." Akacheka, nami nikacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika mama yake.

Yule bwana alikuwa amekwisha kuiruhusu bodaboda yake, nikaona si vema arudi mjini kwa miguu. Nikampakia. Injini ilinguruma hadi stendi bila chembe ya moshi, naye njia nzima aliinamisha kichwa akinusa. Tulipofika hakushuka.

"Mzee," akasema, "na mimi ninalo moja nyumbani, linavuja hivyohivyo. Fundi wako anapatikana wapi?"

Nikazima gari, nikageuka, nikamwambia, "Unazungumza naye."

Binamu yako,
Paulo