Damu Pozitivu

Jumatatu, 4 Agosti

Kliniki asubuhi. Nimekwenda na wifi yangu Rahaf, maana mume wangu Muntasir alikuwa jikoni tangu alfajiri akikoroga halua ya harusi ya watu wa Kiloleni.

Muuguzi Adelina ametoa majibu ya damu yangu na ya Muntasir. Tulipimwa kwa sababu ya yule binti niliyemzaa mwaka juzi. Mfu, mwili umevimba. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Leo nimeelezwa. Damu yangu ni negativu, ya Muntasir ni pozitivu. Hamdun wetu, wa kwanza, alichukua damu ya baba yake akapita salama. Lakini mwili wangu ukajifunza kuichukia damu ile. Binti alipokuja, ukamshambulia humohumo tumboni.

Kuna sindano, kasema Adelina. Nilipaswa kuchomwa nilipomzaa Hamdun. Sikuchomwa — hakuna aliyenipima.

Na huyu wa sasa, wa miezi mitano? Amenitoa damu nyingine ikapimwe kama mwili umeshajiandaa kwa vita.

Nilipotoka nyuma ya pazia, Rahaf alikuwa kwenye benchi. Mpaka tunafika nyumbani Isevya hakusema neno. Nikadhani ananihurumia.

Ajabu. Mwezi wa nne muuguzi huyuhuyu aliniambia kipimo cha mimba ni pozitivu, nikacheka njia nzima kama mwehu.

Jumatano, 6 Agosti

Kumbe Rahaf alisikia nusu. Kaka yake pozitivu, mimi negativu. Akafika nyumbani akamwambia mama yao. Mama mkwe akaangua kilio palepale mlangoni, majirani wakasikia.

Jioni Bertila wa nyumba ya pili kaja na bakuli la maharage. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu amenilinda, niondoke mapema kabla sijaambukizwa. Mwanzoni sikumwelewa. Nilipoelewa nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimemweleza Muntasir. Aliketi akatazama vidole vyake.

"Watu wanakula kwa mikono yangu, Mama Hamdun," akasema. Basi. Akaenda kulala.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu wa Kiloleni wamerudisha halua yote. Makopo hayajafunguliwa hata moja. Aliyeyaleta hakutoa salamu, aliyashusha barazani akarudi kwenye bodaboda yake.

Wazee wa kahawa wanaokaa barazani kwetu nao hawakuja leo. Benchi lao tupu. Kila mtu hapa anajua halua inapikwa kwenye moto mkali saa nzima na ugonjwa huo hauambukizwi kwa chakula. Wanajua. Hawanunui.

Binamu yake Muntasir katutumia ujumbe wa sauti kutoka Dar. Eti tusikate tamaa, muhimu ni kuwa pozitivu. Muntasir kaisikiliza mpaka mwisho, kisha akazima simu.

Jumanne, 12 Agosti

Muntasir ameamua kupima VVU, na mama yake akae palepale asikie. Amepimwa. Hana kitu. Negativu.

Nilidhani yameisha.

Mama mkwe kamgeukia Adelina. "Wiki iliyopita pozitivu, leo negativu. Hospitali ni hii hii. Niambie mwanangu ni yupi."

Adelina ana subira. Kaanza upya, polepole: kile ni kipimo cha ugonjwa, hiki ni aina ya damu mtu anayozaliwa nayo. Watu karibu wote mjini wana damu kama ya Muntasir. Ni wachache sana wenye damu kama ya mkewe, Zeyana. Shida inatokea pale zinapokutana kwa mtoto. Karudia mara ya pili.

Mama mkwe akaelewa. Niliona jinsi alivyoelewa. Uso wote ulilegea, akawa kama aliyetua mzigo. Kisha akageuza shingo akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ni yeye."

Alhamisi, 14 Agosti

Wiki nzima nilikuwa mke aliyedhulumiwa. Sasa mimi ndiye ninayeua wajukuu.

Bertila hakuja.

Jumatatu, 25 Agosti

Majibu yangu. Pozitivu. Safari hii maana yake ni kwamba mwili umeshajiandaa. Sindano haina kazi tena.

Adelina kasema niende Dar, kwenye hospitali kubwa. Watamwangalia mtoto kwa mashine, huenda wakamwongezea damu akiwa humohumo tumboni, au wakamtoa mapema. Anaweza kupona. Kalisema hilo mara moja, hakulirudia, nami sikumwomba alirudie.

Muntasir alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamsikia anasafisha koo.

"Na mwanamke mwingine," akauliza, "mwenye damu kama yangu. Watoto wangekuwa salama?"

Adelina alitazama karatasi yake.

"Wangekuwa salama."

Nimejiambia aliuliza ili aelewe tu. Ameuliza kama mtu anayeuliza njia. Nimejiambia hivyo mpaka tunafika nyumbani, na sasa naandika nijiambie tena.

Ijumaa, 29 Agosti

Muntasir na Hamdun wamerudi kutoka msikitini, tukakaa kula. Mama mkwe hakugusa chakula. Akasema babu zao walitoka pwani kwa miguu, miezi na miezi kwenye njia ya misafara, wengine wakazikwa huko Ugogo bila hata jiwe. Hawakuteseka vile ukoo uje uishie Tabora kwa mtoto mmoja.

Hakunitaja jina. Alikuwa akiongea na sinia.

Nilimngoja Muntasir. Akamega mkate, akachovya mchuzi, akala. Akamega tena. Rahaf alisimama na sahani yake akaenda kula uani.

Hamdun kaniuliza ukoo ni nini. Nikamwambia ni sisi.

Jumatatu, 1 Septemba

Rahaf kaja chumbani, kafunga mlango. Amezunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba alisikia vibaya, kwamba kaka yake ni mzima. Wanamsikiliza, wanamkaribisha chai, wanaitikia kwa kichwa.

"Hawanibishii," kasema. "Wananiona natetea ndugu yangu tu."

Akalia sana. Sikujua kama nina haki ya kumkasirikia au sina, nikamkalisha kitandani nikaendelea kupanga nguo za safari. Baadaye akaanza kunikunjia. Kasema atanisindikiza Dar, mama yake akitaka asitake.

Jumatano, 3 Septemba

Ndani ya treni. Mwandiko mbaya, lakini sasa tumesimama Igalula, na hakuna anayejua kwa nini.

Muntasir alitufikisha stesheni. Akabeba begi mpaka ndani, akaliweka juu, akahakikisha halianguki. Akanipa kopo la halua na maji. Hamdun amebaki kwa bibi yake, wamesema safari ni ngumu kwa mtoto. Nilipombusu alikuwa na usingizi, akajifuta shavu.

"Nitakuja Ijumaa," Muntasir akasema. Alishika kidirisha mpaka treni ikaanza kwenda, akatembea nayo kidogo.

Kinamama wanapita chini ya madirisha na mayai na karanga. Rahaf hakununua kitu. Toka tumetoka Tabora alikuwa anakunja kitambaa na kukikunjua. Nikamuuliza ana nini.

"Ijumaa kaka haji, wifi."

Akakikunja kitambaa tena.

"Ijumaa wanakwenda Nzega. Kuna binti. Mama alishatuma watu. Amewaambia wampime damu kwanza. Akiwa pozitivu, ndipo wapeleke posa."

Sikumuuliza kama Muntasir amekubali. Rahaf ameinamia goti langu, na mimi ndiye ninayembembeleza.

Nje wanasema tutaondoka sasa hivi. Wamekuwa wakisema hivyo tangu mchana.

Mtoto anacheza. Upande wa kushoto, kwa nguvu. Rahaf kaona nguo inavyotikisika, akaomba aguse. Nimemruhusu. Kasema anamsikia kabisa.

Ujumbe wa Muntasir umeingia: mmefika wapi?

Nimeandika Igalula. Nimefuta. Nimeandika: Ijumaa unakuja? Rahaf anasoma begani kwangu, ananiambia tuma, wifi, tuma —