Mama wa mapacha

Usinipigie, ndugu yangu, siwezi kupokea. Baba wa mchumba wangu kakaa nyuma yangu, nakuandikia simu ikiwa chini ya meza.

Si unajua nilimwambia mimi ni mtafiti? Leo kaja bila taarifa, kavuta kiti. "Endelea na kazi, mwanangu, nami nione."

Nikafungua ile tovuti ya kujibu maswali kwa malipo. Kule nilijiandikisha kama mama wa mapacha, maana akina mama ndio hupewa maswali mengi.

Swali likatokea. Akalisoma kwa sauti. Kwa sauti, ndugu yangu. "Mapacha wako bado wananyonya?"

Akaniinamia begani: "Mapacha?"

Nikisema ninao, nimekosa mke. Nikisema sina, utafiti wangu ni uongo, na mke nimemkosa vilevile. Mimi, mtunzi mzima wa mashairi, nikajibu, "Ni kazi tu, baba."

"Kunyonyesha?"

Amekataa chai, amekataa kuondoka. Amempigia binti yake aje. Kompyuta amenikataza kuifunga. "Liache swali hapohapo. Akifika utamsomea mwenyewe."

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi.