Glavu ya Mkono wa Kushoto

Ghorofa ya tatu, chumba namba 14,
Mtaa wa nyuma ya stesheni.
Jumatano, 22 Januari.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naitanguliza mbele ya yote, maana nikiisahau utaisoma barua nzima umenuna. Hujambo? Magoti yako je, bado yanakuamsha alfajiri, au ile dawa ya kuchua imeanza kusaidia? Yule mjukuu aliyekuwa akikohoa amepona? Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Wifi yako anakula vizuri, anasema sana, na kila siku anagombana na lifti.

Theluji ilianza wiki ya pili ya Desemba na mpaka leo haijakubali kuondoka. Nimeitazama kwa miaka thelathini na miwili, lakini kila inapoanza bado nasimama dirishani kama mgeni aliyeshuka jana.

Nina la kukiri. Nilikuandikia mara mbili kwamba kile kiharusi cha mwezi wa sita kiliniacha mzima. Mguu ulirudi kweli, na ulimi ulirudi. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Vidole vimejikunja na havinyooki, na tena haviijui baridi. Daktari alinionya kwamba mkono usiohisi baridi unaweza kuganda huku mwenye mkono hana habari. Papo hapo akaniambia nitembee kila siku, la sivyo mguu nao utakaza. Sasa glavu za dukani, zenye vidole vitano, hazipiti kwenye mkono huu. Kwa hiyo tangu theluji ianze sikuwa nimetoka nje ya jengo. Hata kwenye chumba cha kusomea magazeti pale maktaba, ambako nimekwenda kila asubuhi tangu nistaafu, sikwenda. Nilifikia kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi, tena kwa makini, nikitafuta makosa.

Usianze kulia kabla hujamaliza kusoma. Siandiki kukutia simanzi. Naandika kwa sababu nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kulisoma kitabuni: namna sweta kuukuu inavyogeuzwa glavu.

Glavu hizi zina vyumba viwili tu. Kidole gumba kinakaa peke yake, na vile vinne vinalala pamoja kama watoto wa kitanda kimoja, vikitiana joto. Hushonwa Jumamosi asubuhi katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu, kwa kuwa ndiko zilipo mashine na ndiko kwenye joto. Mkubwa wa kazi ni jirani aliyeshona makoti miaka arobaini kabla ya kustaafu. Sote tunamwita Fundi Makoti. Wengine ni wanawake sita wa humu jengoni, pamoja na wifi yako. Wanawashonea watoto wa shule iliyo mtaa wa pili. Wifi yako ndiye aliyenivuta. Alisema, "Njoo ukae tu, hata uwe pambo. Afadhali hivyo kuliko kubishana na redio."

Sikuwa pambo. Nilipewa kazi inayomfaa mtu aliyesahihisha prufu za vitabu katika kiwanda cha uchapaji maisha yake yote: kusoma lebo. Sweta huja kwa magunia, kutoka kwa watu wanaohama na watu waliokufa, na lazima tujue ipi ni ya sufu na ipi inajifanya. Lebo ikiwa imefutika, Fundi Makoti huchomoa uzi mmoja akauchoma kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu. Ile bandia huyeyuka, ikaacha tone gumu jeusi. Siku ya kwanza nilichoma nyuzi kumi na moja, saba kati ya hizo bila sababu yoyote ila kutaka kuona, mpaka wifi yako akaninyang'anya kiberiti.

Kisha sweta ya kweli hutiwa kwenye maji ya moto, yale yale ambayo kila mama humkataza binti yake kufulia sufu. Ya kwanza niliyoiona ikiingia ilikuwa ya dume la mtu, mabega mapana. Ilitoka ikimtosha mtoto wa miaka sita, nene kama zulia.

"Mmeiharibu!" nikasema.

"Tumeipika," akajibu Fundi Makoti. "Mbichi haikatiki. Ukiitia mkasi kabla haijaiva, inafumuka yote mpaka unabaki na mpira wa uzi mkononi."

Nikauliza kwa nini inashikana hivyo. Hakujua. Miaka arobaini na sufu, na hajawahi kuuliza! Nikaipekua ensaiklopidia yangu mpaka nikaona: unywele wa sufu una magamba madogo madogo mno, kama ya samaki. Maji ya moto huyainua, msukosuko wa mashine huyakwaruzanisha, na yakishaumana hayaachani tena. Niliwaeleza wote Jumamosi iliyofuata. Wakasikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza nani amechukua mkasi.

Kinachonisumbua zaidi ni viwiko. Karibu kila sweta imechakaa kiwiko kimoja kuliko kingine. Nilipata moja ya kijani ambayo kiwiko cha kulia kilikuwa kimetoboka kabisa, na cha kushoto kizima kama kipya. Huyu aliegemea nini miaka yote hiyo? Dirisha la basi? Kaunta ya duka? Nimeandika makisio yangu kwenye daftari, ingawa hakuna wa kunisahihisha.

Basi, Jumamosi ya tatu, Fundi Makoti akasema nami nishonewe jozi. Alitandaza karatasi mezani, akashika kalamu ya risasi, akaniambia, "Lete mkono."

Nikampa wa kulia.

Dada, wewe ndiwe uliyenipiga kofi la kiganja nilipokuwa na miaka minne, kwa kumpokelea mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto. Mtu akiniambia lete mkono, wa kulia unakwenda wenyewe. Lakini nisijifiche nyuma ya kofi lako. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, mahali ninapouweka mbele za watu, na Fundi Makoti hakuwa amewahi kuuona. Yeye akachora wa kulia, halafu akaigeuza karatasi kupata wa kushoto, kama mafundi wote wafanyavyo. Nilimwona akiigeuza. Nikamwacha aendelee.

Glavu zilikuwa nzuri, za ile sweta ya kijani, na bitana laini ndani. Ya kulia ilinikaa kama ngozi. Ya kushoto iligoma kwenye vifundo. Niliisukuma nikiwa nimewapa mgongo, haikwenda, nikaitia mfukoni pamoja na mkono. "Zimenienea kabisa," nikasema. "Ahsante sana."

Siku nne wifi yako alinitazama nikikaa ndani. Siku ya tano akaziweka glavu mezani mbele ya chai yangu.

"Mzee, glavu unazo. Mbona hutoki?"

"Kuna upepo."

"Upepo uko nje kila siku, hauna pa kwenda. Hii ya kushoto haijavaliwa hata mara moja. Umewaambia wenzangu zimekuenea?"

"Nimewaambia."

"Kwa hiyo umemdanganya Fundi, umenidanganya mimi, na mguu utakaza kwa ajili ya heshima." Akainuka kuosha vyombo. Akiwa amenipa mgongo akaongeza, polepole, "Mimi siwezi kukubeba ngazi zile, baba. Sina nguvu hizo."

Unajua lifti yetu hufanya kazi inapotaka.

Jumamosi ile nilishuka naye. Nilimrudishia Fundi Makoti glavu ya kushoto, nikamwambia haiingii, na kwamba kosa si lake. Akaigeuza ndani nje, akatafuta kasoro kwenye mshono. Ilibidi nieleze. Akavua miwani.

"Wewe mzee ulinipa mkono wa kusalimia. Nani alikuomba salamu? Mimi nataka mkono wenye baridi."

Wanawake waliacha kushona. Mashine moja tu ndiyo ilikuwa inazunguka. Nikautoa mfukoni nikauweka juu ya karatasi, mbele yao wote. Haukulala. Vidole vilisimama vimejikunja kama vinashika kitu. Fundi Makoti aliuzunguka kwa kalamu taratibu, akipitisha kidole chake chini ya vyangu, na alipomaliza akainua karatasi.

"Huu si mkono. Hii ni ramani ya kisiwa."

"Na bandari yake iko wapi?" akauliza mmoja wao.

Nikacheka, Dada. Nilicheka mpaka wifi yako akanitazama kwa wasiwasi, akidhani kiharusi kingine kimenipata.

Fundi aliifumua ile glavu. Akaongeza kipande cha pembeni kati ya kiganja na mgongo wa mkono ili ipate kina, kwa kuwa mkono wangu sasa una kina kikubwa kuliko upana. Akaipasua ubavuni mpaka karibu na ncha, akaweka vifungo vitatu vikubwa vya koti. Mkono hausukumwi tena. Unalazwa ndani, kisha wa kulia unafunga mlango. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo kama ningesema.

Jana nilitoka. Ni hatua mia tisa na kumi na mbili hadi maktaba. Zamani zilikuwa mia saba na themanini. Nilipumzika mara mbili. Kila nilipopumzika nilifungua kifungo kimoja nikagusa vidole vile kwa shavu, kwa kuwa vyenyewe havisemi. Vilikuwa na joto. Mkutubi aliniuliza, "Tumekukosa siku nyingi, ulisafiri?" Nikamjibu sikusafiri, nilikuwa mgonjwa, mkono huu umepooza. Ndipo nikakumbuka kuwa nimemwambia mkutubi kabla sijakuambia wewe. Sikukaa hata kusoma magazeti. Niliomba karatasi ya kukuandikia barua hii.

Humu ndani utakuta ile ramani ya Fundi Makoti, imekunjwa mara nne. Huo ndio mkono wa kitindamimba wenu kama ulivyo sasa, si kama nilivyokuandikia. Utazame, kisha unigombeze. Nitasoma kila neno.

Wifi yako anakushika miguu na anasema nimechelewa kuandika, ambalo ni kweli. Nisalimie watoto wote, na yule mpwa wangu fundi redio, na mzee wa jirani kama bado anatukumbuka. Mungu akupe magoti mepesi na usingizi mrefu, na atukutanishe kabla hatujachoka kusubiri.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye toka utotoni,

Kitindamimba