Mbawakawa Wamemla Popo

Jumatatu, 12 Mei
Nimewalisha mbawakawa tena, samaki mkavu wa bandarini. Kazi yao ni kula nyama kwenye mifupa, wanafunzi wa chuo wapate fuvu safi. Hawachoki. Mimi nimechoka.

Mkuu wangu anataka ubao wa maonyesho: mbawakawa na popo wa matunda, wanafanana wapi, wanatofautiana wapi. Popo tunaye mmoja tu. Mzee Lado, fundi aliyenitangulia, alimkausha ujanani, tumbo likajazwa pamba, akakimbia vita akiwa amembeba ndani ya mkebe wa maziwa. Mzee atakuja tarehe 30 kumuaga popo wake. Anahamia kwa bintiye, mjini Arua.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua. Chumba cha mbawakawa kinavuja. Nimehamishia sanduku lao stoo ya ngozi, kando ya kabati la popo. Haifai hata kidogo, lakini pengine pote ni maji. Kesho nitalitoa.

Jumanne, 20 Mei
Malaria. Siku ya nne kitandani, nyumbani Nyakuron. Nimeandika ubao hapa hapa. Wote huruka. Mbawakawa huficha mbawa zake chini ya gamba, popo huruka kwa vidole vilivyotandwa ngozi. Huyu hutaga, yule hunyonyesha. Huyu hula mizoga, yule maembe. Basi, inatosha.

Sanduku bado liko stoo. Sina nguvu hata ya kumpigia mtu simu.

Jumatano, 28 Mei
Leo nimerudi kazini. Wavu wa sanduku umetoboka. Mabuu yamejaa kabatini. Popo hana uso, hana mbawa. Nimekaa sakafuni nikalia.

Achol wa ofisini anasema nimdanganye mzee kwamba ufunguo wa kabati umepotea. Macho ya mzee yenyewe hayaoni vizuri. Nimeshawishika. Najichukia.

Ijumaa, 30 Mei
Nilimwambia mzee hata kabla hajakaa. Uvivu wangu, si malaria peke yake. Akaomba apewe kilichobaki.

Akapapasa mifupa, halafu pamba ya tumboni. Mbawakawa hawali pamba. Akavuta uzi mweusi mrefu.

"Hii mama ya watoto ndiyo alishona. Mimi ilijua kukata tu."

Miaka yote hiyo sikujua. Mkewe alifia kambi ya wakimbizi.

"Malesh, binti yangu," akasema. Yeye ananipa pole mimi!

Alijaribu kuuzungusha uzi kidoleni, ukamponyoka. Nikamfungia.